Ukijenga jangwani usifungue madirisha kama Lamu

Shemeji yangu anafundisha huko North Horr, kaskazini mwa Kenya, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, juzi kanipigia simu anataka kujenga, akasema fundi nichoree nyumba kama ile ya bibi pale Lamu, kuta nene, kiwanda (ule uwanja wa ndani) katikati, madirisha wazi upepo upite. Nikamwambia shemeji, kuta sawa, kiwanda sawa, lakini hayo madirisha wazi mchana kutwa yatawapika wewe na watoto. Bas nikakaa nikamwandikia, na nimeona niweke hapa kwa yeyote anayejenga kwenye joto kavu.

Kwanza elewa tofauti ya joto. Hapa kwetu Lamu hewa ina maji, usiku na mchana joto halipishani sana, kinachotuponya ni upepo, kaskazi ikivuma au kusi, unafungua kila kitu upepo ukaushe jasho. Kule jangwani hewa ni kavu, mchana inachoma, alafu usiku mbingu ikiwa safi ardhi inapoa haraka. Kwa hivyo nyumba ya jangwani ni kama mtungi, unaweka ubaridi wa usiku ndani unaufunika mpaka jioni. Jua likishapanda asubuhi funga, jua likizama fungua kila kitu hadi alfajiri. Ukishalielewa hilo mengine yote yanafuata.

Ukuta. Sisi tunatumia mawe ya matumbawe na chokaa, nusu mita na zaidi, kule tumia udongo wa pale pale au mawe kama yapo karibu, usisafirishe bloku za simiti kutoka mbali, ni pesa na ni joto. Ukuta wa udongo wa sentimita 40 joto la saa sita mchana linachelewa kufika ndani mpaka usiku, saa nne hivi, na wakati huo madirisha yako wazi na watu wako nje uwanjani. Bloku nyembamba alasiri tu ishachemka ndani.

Udongo upime kabla hujafyatua tofali hata moja. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja, uwe umechimba chini ya ule udongo wa juu wenye mizizi, jaza theluthi, tia maji karibu ijae na chumvi kidogo, tikisa sana kisha weka mahali isiguswe mpaka kesho. Mchanga unashuka kwanza, juu yake vumbi laini, juu kabisa mfinyanzi. Mchanga ukiwa ndio mwingi na mfinyanzi kama robo hivi, uko vizuri. Mfinyanzi ukizidi tofali zitapasuka zikikauka, ongeza mchanga, ukiwa kidogo sana zitavunjika mkononi. Fyatua chache za majaribio, zianike kivulini sio juani.

Vyumba vifanye vyembamba. Nyumba za zamani za Lamu vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kama mita tatu kurudi chini, na sababu ni boriti, mkandaa, yaani mti wa mikoko, haukupi mti mrefu wa kubeba dari nzito zaidi ya hapo. Kule mikandaa hakuna na miti ni ya kuhesabu, usikate migunga ya watu. Msanifu majengo Hassan Fathy kule Misri miaka ya 1940, kijiji cha New Gourna karibu na Luxor, alitumia mafundi wa Nubia, kusini mwa Misri, wanaopandisha tao la matofali ya udongo bila mbao, paa lote udongo. Ni kazi nzuri mno ila inataka fundi anayeijua, kama huna usijaribu na kichwa cha mtoto wako chini yake, tumia mabati lakini yawe paa la pili: chini silingi ya udongo juu ya miti au mabua, acha nafasi ya nusu mita upepo upite, ndio mabati juu. Hapo usifanye ubahili, manake tuko karibu na ikweta, jua linapita utosini, paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote.

Kuta zinazofuata kwa kupigwa ni za mashariki na magharibi, kwa hivyo laza nyumba kwa urefu mashariki-magharibi, upande wa magharibi usiweke dirisha, weka stoo, choo, au panda mwarobaini.

Hewa ya moto itoke juu. Ukitaka kuona mfano, kando ya Ziwa Turkana kuna kampasi ya Startup Lions, chuo cha kompyuta, aliyoichora msanifu majengo Francis Kéré, ilikamilika 2021, ameiga vichuguu vya mchwa wa kule, minara mirefu inavuta hewa ya moto itoke na hewa baridi inaingia kwa matundu ya chini. Kwa nyumba ya mwalimu bomba moja la matofali juu ya sebule linatosha, lipandishe mita mbili juu ya paa, mdomo uupe mgongo upepo, na kule upepo unatoka kusini mashariki karibu mwaka mzima, wenye vumbi. Mlango wa kiwanda pia usiuelekeze huko.

Kiwandani weka mtungi wa maji kwenye kivuli karibu na tundu la kuingizia hewa. Hapa Lamu mtungi unatoa jasho kidogo tu, kule hewa kavu inanyonya maji na inapoa kweli kweli, utaisikia ukiweka mkono.

Mwisho lipu ya chokaa na rangi nyeupe. Chokaa hushika polepole kuliko simiti, inataka unyevu ili ishike, na kavu ya jangwani itaikausha kabla haijashika. Loanisha ukuta kwanza, piga lipu kuanzia alasiri, tabaka jembamba, kisha tundika magunia yaliyolowa juu yake uyarushie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Ukiona nyufa kama nywele siku ya pili, magunia yalikauka, zisugue kwa mwiko na maji ukuta ungali laini.