Somo: Chuma kinapotezaje usumaku kwenye nyuzijoto 770? Tuchore mabonde ya nishati

Habari wakuu. Chuma kikipashwa moto kikafika nyuzijoto 770 hivi, usumaku wake wa kudumu unatoweka. Atomi ni zilezile na nguvu kati yao ni ileile. Kilichobadilika ni nini? Chukueni kalamu na kikokotoo.

Hatua ya 1: nishati peke yake. Tutumie modeli ya Ising. Kila atomi ni mshale unaoelekea juu au chini. Majirani wawili wakielekea upande mmoja, nishati ya jozi hiyo ni −J (J ni ukubwa wa nguvu kati ya majirani). Wakipingana ni +J. Mipangilio yenye nishati ndogo tunaiita mabonde. Yenye kina kuliko yote ni mawili: mishale yote juu, au yote chini. Halijoto haimo kabisa kwenye hesabu hii, kwa hiyo hata uwashe tanuri, ramani hii ya mabonde haibadiliki. Wengi hukwama hapa kwa kuusaka mpito (badiliko la kupoteza usumaku) kwenye ramani isiyobadilika.

Hatua ya 2: hesabu mipangilio. Chukua mishale 100. Yote juu: mpangilio 1 tu. Hamsini juu, hamsini chini: mipangilio takriban 10²⁹! Logi asili ya idadi hiyo mara k, kigezo thabiti cha Boltzmann, ndiyo entropia, S.

Hatua ya 3: F = E − TS, yaani nishati huru; E ni nishati ya Hatua ya 1, T ni halijoto. T ikiwa ndogo E inatawala, ikiwa kubwa S inashinda.

Hatua ya 4: chora. Mwaka 1937 mwanafizikia Landau aliiandika F karibu na halijoto ya mpito, Tc, hivi:

F = a(T − Tc)m² + bm⁴

m ni usumaku; a na b ni namba zisizobadilika. Weka a = b = 1.

T − Tc = 1: m = 0 inatoa 0; m = 0.5 inatoa 0.31; m = 1 inatoa 2. Bonde moja katikati, usumaku hakuna.

T − Tc = −1: m = 0 inatoa 0; 0.5 inatoa −0.19, 0.7 inatoa −0.25, 1 inarudi 0. Kwa m hasi ni hivyohivyo. Katikati pameinuka kilima, na pande zote mbili kuna bonde.

T = Tc: inabaki m⁴ tu, sakafu pana karibu bapa, ndiyo maana usumaku unayumba sana hapo. Kwangu mimi huu ndio mchoro mtamu kuliko yote.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mabonde yakilingana, chuma kinachagua lipi?*
Uga mdogo tu wa sumaku kutoka nje unatosha kuinamisha mchoro. Kikishaingia hakitoki kirahisi, maana kilima kinakua kadiri mishale inavyoongezeka. Ukiwa na mishale 100 tu kwenye kompyuta, utaona m inarukaruka.

*Na maji kuwa barafu?*
Hapo mabonde mawili yapo pamoja hata kabla ya mpito. Nyuzi 0 ndipo yanapolingana kina. Maji safi sana yanaweza kubaki kimiminika hata nyuzi 30 chini ya sifuri, yamenaswa kwenye bonde la juu.

*Mwalimu, nimeendesha Ising ya 2D (mishale kwenye bapa) kwenye kompyuta, m haifuati kipeo cha 1/2 cha Landau, yaani m kukua kama (Tc − T) kwa kipeo 1/2. Nimekosea wapi?*
Hujakosea, ndugu. Landau anapuuza myumbo wa sehemu hadi sehemu. Kwa 2D kipeo ni 1/8, mwanafizikia C. N. Yang alichapisha uthibitisho mwaka 1952. Hakikisha tu Tc yako iko karibu na 2.269 J/k, jibu la mwanasayansi Onsager la 1944.