Namna ya Kuwawajibisha Wasimamizi wa Makundi ya Mtandaoni

Msimamizi wa kundi la mtandaoni, au admini kama wengi wanavyomwita, anaweza kufuta maneno ya mtu, kumnyamazisha kwa siku kadhaa au kumfungia kabisa, na mara nyingi hufanya yote hayo pasipo mwanachama mwingine kujua kwamba kuna lililotendeka. Wengi wa wasimamizi hawa hawalipwi chochote. Wanavumilia kazi ya kuchosha ya kuondoa matapeli, matusi na picha chafu ili wengine wakute mahali panapokalika, nao wanastahili heshima kwa hilo. Hata hivyo, mamlaka yasiyohojiwa huharibika mikononi mwa mtu yeyote, na anayeonewa hukosa pa kuanzia kwa sababu ushahidi umekwisha kufutwa na yuleyule anayelalamikiwa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanachama anayeamini ameonewa, na pia kwa msimamizi anayetaka maamuzi yake yaaminiwe, kwani wote wawili wanahitaji jambo moja: kila uamuzi uache kumbukumbu inayoweza kusomwa na mtu ambaye hakuufanya.

Pambanua uonevu na uamuzi usiokupendeza

Kabla ya kumshutumu mtu, hakikisha kwamba aliyetenda ni mtu. Katika majukwaa mengi ujumbe huondolewa na programu inayotafuta maneno fulani, viungo vya aina fulani au akaunti zilizofunguliwa karibuni. Reddit, kwa mfano, ambao ni mtandao wa makundi ya mijadala, ina programu iitwayo AutoModerator, ambayo kila kundi huipangia masharti yake lenyewe. Ujumbe ulionaswa namna hiyo mara nyingi hurudishwa kwa ombi fupi la adabu, ilhali shutuma kali dhidi ya msimamizi ambaye hata hajauona ujumbe huo zitakuharibia neno lako mapema.

Ikiwa ni mtu aliyeamua, jiulize kama msimamizi mwingine asiyekufahamu angeweza kufikia uamuzi uleule kwa kusoma kanuni zilizoandikwa. Kama angeweza, basi una tofauti ya maoni, nayo ina haki yake ya kusikilizwa, lakini haistahili kuitwa uonevu. Uonevu una dalili zake. Msimamizi alikuwa upande mmoja wa mabishano, kisha akatumia mamlaka yake kuyamaliza. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni inayokataza jambo hilo hasa, kwamba aliyehusika katika mgogoro amwachie mwenzake asiyehusika. Kanuni inamshika mmoja na kumwacha mwingine aliyetenda kosa lilelile siku ileile. Kanuni imeandikwa baada ya tukio, kisha ikatumiwa kuadhibu yaliyopita. Dalili ninayoipa uzito kuliko zote ni pale ambapo maswali kuhusu usimamizi wenyewe yanafutwa na waulizaji kuondolewa, maana hapo msimamizi anajilinda yeye, na kundi limebaki kuwa kisingizio tu.

Kusanya ushahidi mapema, maana kumbukumbu hufutika

Watu wengi hulalamika kwanza na kutafuta ushahidi baadaye, wakati ambapo hakuna tena cha kutafuta. Telegram huwaonyesha wasimamizi matendo yote ya hivi karibuni katika kundi, ikiwa ni pamoja na ujumbe uliofutwa, lakini kwa saa 48 tu. Discord, jukwaa la makundi ya mazungumzo, huhifadhi kumbukumbu za usimamizi kwa siku 45, nazo huonekana na wale tu waliopewa ruhusa ya kuzitazama. Katika WhatsApp, ambayo tangu 2022 inamruhusu msimamizi kufuta ujumbe wa mwanachama kwa watu wote, kundi huona kwamba ujumbe umefutwa na msimamizi fulani, bila kuona kilichokuwa kimeandikwa. Kwa hiyo, ukiwa na msimamizi mmoja unayemwamini katika kundi la Telegram, mwombe aangalie orodha hiyo leo. Keshokutwa itakuwa imekwisha kujifuta.

Kwa upande wako, piga picha za skrini zinazoonyesha mazungumzo yote, tarehe na saa, na uhifadhi kiungo cha kila ujumbe pale kinapopatikana. Usiukate mjadala ili kuficha neno baya ulilolisema wewe; msomaji wa rufaa atalikuta mahali pengine, na kuanzia hapo hataamini hata lile lililo kweli. Tafuta pia mifano miwili au mitatu ya ujumbe unaofanana na wako ulioachwa bila kuguswa, kwa sababu ubaguzi katika kutumia kanuni hauthibitishwi na tukio moja. Mwisho, andika mfuatano wa matukio kwa sentensi fupi, ukitenganisha ulichokiona na unachokidhania. Kama ushahidi huo utasomwa na watu wengi, funika majina, namba za simu na picha za wanachama ambao ugomvi huu hauwahusu.

Andika lalamiko linaloweza kujibiwa

Lalamiko linaloanza kwa kumwita msimamizi dikteta humpa sababu ya kutojibu. Omba maelezo, wala usianze kwa kudai haki yako yote kwa mara moja, kwa kuwa msimamizi mwaminifu atayatoa kwa urahisi, na asiye mwaminifu, akikataa kuyatoa, atakuwa amekupa ushahidi mpya kwa maandishi. Maneno kama haya yanatosha: “Ujumbe wangu wa tarehe fulani kuhusu jambo fulani uliondolewa, nami nimefungiwa kwa siku 7. Naomba kuelezwa ni kanuni ipi niliyoivunja na ni maneno yapi yaliyoivunja. Naomba pia rufaa yangu isikilizwe na msimamizi ambaye hakushiriki katika uamuzi wa kwanza.”

Peleka lalamiko hilo mahali ambapo wasimamizi wote wanalisoma. Katika Reddit kila kundi lina sanduku la pamoja la barua za wasimamizi, na ujumbe uliotumwa huko ni vigumu kufichwa na mmoja wao, tofauti na ujumbe wa faragha uliotumwa kwa mtu mmoja. Subiri siku chache. Katika kipindi hicho usifungue akaunti nyingine ili urudi kwa mlango wa nyuma, kwani katika majukwaa mengi hilo ni kosa linalojitegemea na litageuza mjadala wote kutoka kwa msimamizi kuja kwako. Wala usiwaite marafiki waje kumshambulia msimamizi kwa jina lake. Hilo la pili nalisema kwa msisitizo, maana nimeona malalamiko ya haki kabisa yakizikwa chini ya matusi ya watu waliodhani wanasaidia.

Usipojibiwa, panda ngazi. Reddit ina kanuni za maadili za wasimamizi zilizoanza kutumika Septemba 2022, na malalamiko ya ukiukaji wake hupokelewa na kampuni yenyewe. Walio katika Umoja wa Ulaya wana Sheria ya Huduma za Kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024. Sheria hiyo inayataka majukwaa kumpa mtumiaji sababu za kuondolewa kwa maudhui yake, na kumwachia angalau miezi 6 ya kulalamika bila malipo, huku uamuzi wa lalamiko ukikatazwa kufanywa na mashine peke yake. Kampuni ndogo zimesamehewa baadhi ya masharti hayo. Hata kwa asiyelindwa na sheria hiyo, ni kipimo kizuri cha kuwaonyesha wasimamizi, kwa kuwa kinachodaiwa humo ni kidogo na kinatekelezeka.

Kwa wasimamizi: anzeni na daftari

Mwaka 2018 kundi la wanaharakati na wasomi lilitoa Kanuni za Santa Clara, zinazoyataka majukwaa makubwa yatangaze idadi ya maudhui na akaunti wanazoziondoa, yamwarifu kila aliyeguswa na kumweleza sababu, na yampe nafasi ya kukata rufaa. Kundi la watu mia tatu halihitaji ripoti za kampuni, lakini mambo hayo matatu yanaingia katika daftari moja la pamoja, liwe jedwali au ujumbe uliobandikwa juu ya kundi. Kwa kila hatua andikeni tarehe, kilichofanyika, kanuni iliyotumika, sababu kwa sentensi moja, aliyeamua, na kama rufaa imekatwa. Sentensi hiyo moja ya sababu ndiyo yenye kazi kubwa. Msimamizi anayejua kwamba lazima ataiandika, na kwamba wenzake wataisoma, hutulia kabla ya kubonyeza.

Je, daftari liwe wazi kwa wanachama wote? Zipo jamii zilizofanya hivyo kwa miaka mingi bila kuangamia: Lobsters, tovuti ya mijadala ya teknolojia, ina orodha ya maamuzi ya wasimamizi inayosomwa na yeyote, na Lemmy, programu ya kuendeshea makundi ya mijadala, huweka orodha kama hiyo wazi. Mimi ninaunga mkono uwazi huo, kwa masharti. Maudhui yenye siri za mtu, picha zake za faragha au anwani yake yasirudiwe katika daftari, maana kuyaandika tena ni kumdhuru mara ya pili. Itoshe kutaja aina ya kosa. Matangazo ya matapeli yanaweza kuhesabiwa kwa jumla mwishoni mwa wiki. Masharti ya ndani ya programu ya kuchuja yanaweza kubaki siri, kwa kuwa matapeli wangeyasoma na kuyakwepa, lakini usiri huo uishie kwenye masharti ya programu na usifike kwenye maamuzi yanayowagusa wanachama.

Kuhusu majina ya wasimamizi, jambo hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Anayetajwa kwa kila uamuzi anaweza kufuatwa na kutishwa na watu waliofungiwa kwa haki, na wasimamizi wengi wazuri wameiacha kazi kwa sababu hiyo. Ninapendekeza daftari la ndani libebe jina halisi la akaunti kila mara, na daftari la wazi lionyeshe alama isiyobadilika, kama vile Msimamizi wa 3. Kwa njia hiyo wanachama wanaweza kuona kwamba maamuzi ya mtu mmoja yanatofautiana sana na ya wenzake, pasipo kumweka mtu huyo hatarini.

Daftari lisiposomwa halimzuii mtu. Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia ambako watumiaji wenyewe hupima maoni ya wenzao, ililijua hilo mapema: tangu 1999 iliwapa watumiaji wa kawaida nafasi ya kupima kama maamuzi ya wapimaji hao yalikuwa ya haki. Katika kundi dogo, chagueni kwa bahati nasibu maamuzi kumi kila mwezi, muwape wanachama watatu wasio wasimamizi wayapitie, kisha matokeo yatangazwe. Adhabu nazo zipande kwa hatua, kuanzia onyo hadi kufungiwa kabisa. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa uchunguzi wake kuhusu jinsi watu wanavyosimamia mali ya pamoja, aliona kuwa jumuiya zilizodumu zilikuwa na adhabu za kupanda taratibu, waangalizi wanaowajibika kwa wanajumuiya, na njia rahisi ya kumaliza migogoro.

Wasimamizi wote wanapokuwa upande mmoja

Taratibu zote nilizozieleza hushindwa pale ambapo rufaa inarudi kwa walioamua. Wikipedia ya Kikroatia ilikaa kwa takriban muongo mmoja mikononi mwa kundi dogo la wasimamizi wenye mrengo mkali wa kizalendo, waliopotosha makala za historia na kuwafungia waliowahoji. Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ilichapisha tathmini yake kuhusu jambo hilo mwaka 2021. Jambo la kujifunza kwa vitendo ni kwamba historia ya kila ukurasa na orodha ya waliofungiwa zilikuwa wazi, hivyo watu wa nje waliweza kufuatilia yaliyotendeka hata baada ya miaka. Ukijikuta katika kundi la namna hiyo, acha kubishana ndani yake. Hifadhi nakala za kazi yako na ushahidi wako, upeleke kwa mwenye jukwaa, na uzungumze na wengine walioondolewa, ili malalamiko yenu yasomwe pamoja kama mwenendo mmoja.

Kama hakuna wa juu wa kulalamikiwa, anzisheni kundi jingine, na mlipange vizuri kabla ya ugomvi wa kwanza. Katika WhatsApp mwanzilishi wa kundi hawezi kuondolewa na wasimamizi wenzake, na katika Reddit aliyetangulia kuwa msimamizi anaweza kuwaondoa waliomfuata, kwa hiyo amueni kwa maandishi nani ashike nafasi hiyo na kwa muda gani. Telegram na Discord zinaruhusu umiliki kukabidhiwa mtu mwingine. Wekeni tarehe ya makabidhiano katika kanuni zenu, na mwandike ni kura ngapi za wanachama zinazotosha kumwondoa msimamizi, pamoja na nani atakayezihesabu.