Namna ya kutambua mwendo, ufunguo na hisia za kipande kifupi cha baleti

Mwanafunzi akitakiwa kueleza mwendo, ufunguo (sauti ya makao na ngazi yake) na hisia za kipande cha okestra, kwa kawaida huanza na hisia, kisha akayalazimisha yale mawili mengine yakubaliane na alichokwisha kuamua. Mwongozo huu, niliouandika baada ya kumsaidia mwalimu wa kwaya aliyekuwa akiandaa somo la kusikiliza muziki, unaiacha hisia hadi mwisho. Mfano wetu ni dansi ya Sugar Plum Fairy kutoka baleti ya The Nutcracker ya Pyotr Tchaikovsky, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Mariinsky, Saint Petersburg, Desemba 1892. Nota zake hazina tena hakimiliki, kwa hiyo pakua nota kamili za okestra kutoka IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni. Matoleo ya kinanda yaliyorahisishwa siyapendekezi hata kidogo, kwa kuwa baadhi yake yamebadilishwa ufunguo ili wanaoanza wasisumbuke.

Hatua ya 1: Mwendo

Tumia rekodi ya mkusanyiko mfupi wa vipande vya baleti hii kwa okestra, Opus 71a, na si ya baleti nzima, kwa sababu katika baleti nzima dansi hii humalizika kwa sehemu ya kasi yenye alama ya Presto, ambayo imeachwa katika mkusanyiko. Alama ya mwanzo ni Andante ma non troppo, yaani mwendo wa kutembea usiotiwa chumvi, na kipimo ni 2/4, yaani mapigo mawili katika kila baa. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, uzidishe kwa 4. Jibu lisiwe mbali sana na 60. Ukipata namba inayokaribia 120, umehesabu nusu za mapigo, kosa ambalo hata programu za simu hulifanya, kwa kuwa nyuzi zinazodonolewa kwa vidole hupokezana chini na juu ndani ya kila pigo.

Hatua ya 2: Ufunguo

Mwanzoni mwa mistari ya fidla utakuta shapu (alama ya kupandisha sauti nusu hatua) moja, ya F, na hapa ndipo watu wengi hukimbilia kuandika G meja. Shapu moja hutumiwa na funguo mbili, G meja na E maina, na kuitazama tu hakuwezi kukuamulia. Programu za kutambua ufunguo nazo siziamini katika kipande cha namna hii, kwa sababu hupima ni sauti zipi zimejitokeza kwa wingi, ilhali swali letu ni sauti ipi ambayo muziki unarudi kutulia. Sauti ya kwanza ya wimbo wenyewe ni G, jambo linalozidi kupotosha.

Njia ninayoitegemea ni ile ile ya sol-fa inayotumiwa na kwaya zetu. Weka do iwe G, kisha uimbe polepole wimbo wa mwanzo unaopigwa na selesta, ala ya vibonye inayolia kama kengele ndogo: d l d t se l, s s s, fe fe fe, f f f, m. Rudia hadi sikio lizoee, kisha uchunguze sauti mbili ngeni.

Ya kwanza ni se, yaani D shapu, ambayo haimo katika G meja. Isimamie kwa muda bila kuendelea, nawe utasikia inavyokudai upande hadi la. Hiyo la ni E, na ndiyo makao ya kipande. Ya pili ni fe, yaani C shapu, na hii ndiyo inayowapoteza hata wanakwaya wazoefu, kwa sababu katika nyimbo nyingi tunazoimba fe huashiria kwamba wimbo unahamia kwenye so, ambayo hapa ni D. Hapa haihamii popote. Badala ya kupanda kurudi so, inateremka hadi fa, kisha mi, nusu hatua kwa nusu hatua, kwa hiyo ni rangi tu ya mteremko, na anayeandika kwamba kipande kimehamia D meja ameitazama fe bila kuangalia inakoelekea. Hakikisha kwa kusikiliza mwisho: kodi ya kufungia, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni ya E maina.

Yapo matatizo mengine yanayoweza kukupotezea jioni nzima. Rekodi za zamani, pamoja na video zilizobadilishwa kasi, huweza kupanda au kushuka kwa sauti kiasi cha kutolingana na kinanda chako; katika hali hiyo pandisha au shusha sauti ya kinanda ilingane na rekodi, usibadilishe jibu. Selesta husikika oktavu moja juu ya ilivyoandikwa, jambo ambalo haliathiri ufunguo. Klarineti ya besi ni ala ya kuhamisha, yaani nota zake huandikwa tofauti na sauti zinazosikika, hivyo mstari wake unabeba alama zisizofanana na za fidla, na haufai kusomewa ufunguo.

Hatua ya 3: Hisia

Mwendo wa polepole na ufunguo wa maina vingetarajiwa kuleta huzuni, lakini hapa huzuni haipo, kwa hiyo sababu itafutwe kwenye ala. Selesta, iliyobuniwa na Auguste Mustel mjini Paris mwaka 1886, ina nyundo ndogo zinazogonga vipande vya chuma, na sauti yake ya juu hufifia mara inapozaliwa. Tchaikovsky aliikuta huko mwaka 1891, akamsihi mchapishaji wake aifanye siri ili watunzi wenzake Rimsky-Korsakov na Glazunov wasimtangulie kuitumia. Marius Petipa, aliyepanga baleti hiyo, alikuwa ametaka muziki unaofanana na matone yanayoruka kutoka kwenye chemchemi, nazo sauti za nyuzi zinazodonolewa hukatika vivyo hivyo, bila kuvutwa kwa upinde. Chini kabisa klarineti ya besi hujibu kwa kuteremka, na nafasi iliyo kati yake na selesta huachwa karibu tupu.

Neno lolote la hisia utakaloandika liambatane na ala pamoja na mahali inaposikika. «Wepesi wenye tahadhari» nitalikubali likionyeshwa katika nyuzi za baa nne za mwanzo, kabla selesta haijaingia. «Ya kimiujiza», likiwa peke yake, nitalirudisha kwa mwandishi.