Jinsi ya Kuizoea Mass Effect 2 kwa Aliyetoka Kwenye Mchezo wa Kwanza

Mchezaji aliyemaliza Mass Effect ya mwaka 2007, mchezo wa video wa mapigano ya angani, akafungua ya pili, ambayo BioWare waliitoa Januari 2010, kwa kawaida huanza kwa kutafuta vitu ambavyo havipo tena. Begi la vifaa limeondolewa, gari la Mako halishuki tena kwenye sayari, na orodha ndefu ya ujuzi imebaki mistari michache. Wapo wanaouita mchezo huu mwepesi kwa sababu hiyo. Mimi naona kwamba maamuzi mengi yamehamishiwa mahali pengine, hasa kabla ya pambano kuanza, na kwamba anayeendelea kucheza kwa mazoea ya zamani hulipia gharama yake mapema sana. Maelezo yafuatayo yanamhusu pia anayecheza kupitia Legendary Edition ya mwaka 2021, inayokusanya michezo yote mitatu, ingawa hapa Uganda ni busara kuhesabu kwanza bando la intaneti, kwa kuwa faili lake ni kubwa mno.

Tuanze na risasi. Katika mchezo wa kwanza silaha ilipata joto, ukaiacha ipoe, ukaendelea kufyatua bila kikomo. Katika wa pili kila silaha hutumia klipu za joto, na klipu zikiisha silaha hiyo haina kazi. Usiing'ang'anie bunduki moja. Bastola nzito na bunduki ya mdunguaji hutoboa deraya vizuri, ilhali silaha zinazofyatua kwa kasi hupunguza ngao upesi zaidi, kwa hiyo kubadilisha silaha katikati ya pambano ni jambo la kawaida. Maadui hudondosha klipu wanapokufa, na klipu hizo hutumika katika silaha zako zote isipokuwa silaha nzito (si bastola nzito), yenye akiba yake ya pekee. Anayejificha nyuma ya ukuta mmoja tangu mwanzo hadi mwisho atajikuta klipu ziko upande wa pili wa chumba na yeye ameishiwa.

Begi lile la vitu 150, ambalo lilitulazimisha kuyeyusha bunduki kila baada ya dakika chache, sikulililia lilipoondoka. Sasa ukipata silaha mpya inabaki kuwa yako moja kwa moja, na unachagua za kubeba kabla ya kushuka kazini au pale unapokuta kabati la silaha njiani. Makabati hayo si mengi, kwa hiyo fanya kama msafiri wa basi la Gulu, ambaye hulikagua furushi lake akiwa bado Kampala. Maboresho nayo hayafungwi tena kwenye bunduki moja: ukifanyia utafiti nyongeza ya madhara ya bastola katika maabara ya Mordin, mwanasayansi wa kikosi chako, bastola zote za kikosi hunufaika. Kwa sababu hiyo chunguza kila kompyuta na kila kasha unalokuta, kwani misheni nyingi hazirudiwi na fedha nyingi za kununulia maboresho madukani hutoka humo.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni uwezo maalumu. Kila uwezo una hatua nne. Hatua ya kwanza hugharimu alama moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne nne, hivyo kuukamilisha uwezo mmoja kunahitaji alama 10. Katika hatua ya nne unachagua moja kati ya sura mbili, kwa mfano uwezo wenye nguvu zaidi kwa adui mmoja au wenye kuenea kwa maadui kadhaa. Kwa kuwa kikomo cha ngazi ni 30, nusu ya kile cha mchezo wa kwanza, huwezi kukamilisha kila kitu, na mchezaji anayetawanya alama moja moja kila mahali hufika katikati ya mchezo akiwa na vitu vingi dhaifu. Nashauri ukamilishe mapema uwezo wa daraja lako, kama vile Charge kwa Vanguard au Tactical Cloak kwa Infiltrator, kisha ufuate mwingine mmoja.

Zaidi ya hayo, katika mchezo wa kwanza kila uwezo ulikuwa na muda wake wa kupumzika, nawe uliweza kuutumia mmoja baada ya mwingine mfululizo. Sasa uwezo wote wa mhusika mmoja hushiriki muda mmoja: ukitumia huu, mingine yote inangoja. Ila wenzako wawili wana muda wao wenyewe, na hapo ndipo kuna siri ya pambano. Simamisha mchezo kwa kufungua gurudumu la amri, tazama rangi ya mstari ulio juu ya adui, kisha gawa kazi. Buluu ni ngao, nayo huvunjwa na Overload. Zambarau ni kinga ya kibayotiki, inayovunjwa na Warp. Njano ni deraya, inayoharibiwa na Warp au Incinerate. Nyekundu ni uhai wenyewe. Pull na Throw, yaani uwezo wa kumvuta na kumsukuma adui, hazimnyanyui adui ambaye bado ana tabaka mojawapo la kinga, na kosa hili ndilo ninaloliona zaidi kwa wageni: wanarusha Pull mara tano kwa adui mwenye ngao, halafu wanalalamika kwamba mchezo una kasoro. Miongoni mwa wenzako, Miranda anazo Overload na Warp, Mordin ana Incinerate. Ukiwachukua hao wawili, matabaka yote matatu yana dawa. Kinga ikishaondoka, Pull ikifuatwa na Warp husababisha mlipuko unaowaumiza pia waliosimama karibu. Katika kiwango cha ugumu cha Insanity, ambako kila adui huja na kinga, utaratibu huu haukwepeki.

Usipoteze muda kuwinda maadui kwa ajili ya pointi, kwa kuwa pointi za uzoefu hutolewa misheni inapokamilika, wala si kwa kila anayeuawa.

Uchunguzi wa sayari ndio uliochukua nafasi ya Mako, na nakiri kwamba unachosha. Unapitisha skana juu ya sayari, mchoro ukipanda unarusha kichunguzi, unapokea madini: iridiamu, paladiamu, platinamu au Elementi Sifuri, ambayo ni adimu kuliko yote. Chagua sayari zenye alama ya utajiri, chukua milima mikubwa ya mchoro, kisha uondoke. Kuikausha sayari maskini ni kupoteza jioni nzima. Jaza vichunguzi na mafuta kila unapopita kituoni. Madini hayo ndiyo yanayolipia utafiti, yakiwemo maboresho matatu ya meli ya Normandy ambayo hayapaswi kukosekana: deraya anayoipendekeza mwenzako Jacob, ngao za Tali na mzinga wa Garrus. Kila moja likikosekana, mtu wa kikosi aweza kufa katika misheni ya mwisho.

Kuhusu kuhifadhi mchezo, yatosha kusema kwamba huwezi kuhifadhi ukiwa ndani ya pambano, na umeme wetu haungoji pambano liishe. Hifadhi mwenyewe kila unapomaliza chumba. Nilipokuwa nikicheza kwa kulipia saa huko Wandegeya, giza lilinirudisha nyuma dakika arobaini kwa sababu niliutegemea mchezo ujihifadhi wenyewe.

Mwisho, panga ratiba yako kwa kuangalia kifaa kiitwacho Reaper IFF, kinachoiwezesha meli kuvuka lango la Omega-4 kuelekea misheni ya mwisho. Kabla ya kukifuata, maliza misheni za uaminifu za wenzako, ambazo pia humfungulia kila mmoja uwezo wa ziada. Muda mfupi baada ya kukipata, mabaharia wa Normandy hutekwa, na kuanzia hapo kufanya misheni za kando kabla ya kuvuka Omega-4 hupunguza idadi ya watakaookolewa. Ukitaka kuwapata wote, nenda moja kwa moja.