Jinsi ya Kupima Ubora wa Hospisi Kabla ya Kumkabidhi Mgonjwa Wako

Familia nyingi huanza kutafuta hospisi zikiwa zimeshachoka. Daktari amesema kwamba tiba ya kuuondoa ugonjwa haitasaidia tena, mgonjwa amerudishwa nyumbani na mfuko wa dawa, na mmoja katika ukoo amepewa kazi ya kutafuta wahudumu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, huku wengine wakipokezana kumkesha mgonjwa. Mtu aliye katika hali hiyo humkubali kwa urahisi yeyote wa kwanza atakayepokea simu yake kwa upole.

Mimi niliwahi kupewa kazi hiyo wakati wa kumuuguza mama yangu, na nikafanya kosa ambalo wengi hulifanya: niliangalia jengo. Lilikuwa safi, lilikuwa na bustani, na wahudumu wa mapokezi walikuwa waungwana. Sikuuliza ni nani angepokea simu saa nane usiku, na usiku wa tatu nikagundua kwamba hakuna. Tangu hapo nimekuwa na kipimo kimoja ninachokitanguliza mbele ya vingine vyote, nacho ni muda unaopita tangu maumivu yamshike mgonjwa usiku hadi yatulie. Karibu kila swali lililomo katika mwongozo huu linazunguka kipimo hicho.

Jua kwanza unachokitafuta

Hospisi si lazima iwe jengo. Mara nyingi ni timu inayomfuata mgonjwa nyumbani, na baadhi ya timu hizo zina pia vitanda vya kulaza wagonjwa au kliniki ya mchana. Tiba shufaa, ambayo ndiyo kazi yao, inaweza kuanza mapema kabisa, mgonjwa akiwa bado anapokea matibabu ya saratani, moyo au figo, ilhali huduma ya hospisi kwa kawaida huwalenga wale ambao safari yao imefika karibu na mwisho. Mtoa huduma mzuri atakueleza tofauti hiyo bila kukuharakisha, na hatakulaumu kwa kuja mapema.

Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi na mhudumu wa ustawi wa jamii kabla ya kusomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni ya mwili, ya nafsi, ya mahusiano na ya roho kwa wakati mmoja, na kwamba kuyatibu ya mwili peke yake ni kuifanya kazi nusu. Fundisho hilo linakupa swali la kwanza la kumuuliza mtoa huduma yeyote: katika timu yenu, ni nani anayeshughulikia kila moja kati ya hayo manne? Timu ndogo inaweza kujibu vizuri kwa kusema kwamba muuguzi wake hufanya mawili na kwamba kiongozi wa dini huitwa mgonjwa akimtaka. Jibu la kutia shaka ni lile linalotaja dawa tu.

Kabla ya kupiga simu, kaa na mgonjwa mwenyewe, iwapo bado anaweza kuzungumza, na umuulize mambo ambayo ndugu huwa wanaogopa kuyauliza. Ni kitu gani kinachomsumbua zaidi? Anataka kuwa wapi siku za mwisho? Ni nani asiyetaka amwogeshe? Majibu yake yaandike pamoja na jina la ugonjwa, dawa anazotumia na saa zake, na idadi ya watu wazima walioko nyumbani wenye nguvu za kumgeuza kitandani. Karatasi hiyo moja itakuokoa na mazungumzo mengi ya kubahatisha.

Suala la maumivu lichunguze hadi mwisho

Usajili, leseni na sifa za wahudumu ni mambo ya kuulizwa mapema na kumalizwa haraka: je, mamlaka za afya zinawatambua, kuna daktari anayesimamia, na wauguzi wamepata mafunzo maalumu ya tiba shufaa au ni ya uuguzi wa jumla tu? Ukishapata majibu, hamia kwenye maumivu, na hapo usiwe na haraka.

Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limekuwa likielekeza kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa mdomo pale inapowezekana, na itolewe kwa saa zilizopangwa badala ya kungoja mgonjwa alie. Mofini ya maji, ambayo ndiyo nguzo ya kazi hii mahali pengi, hufanya kazi kwa takriban saa 4, na kwa hiyo hupangwa kila baada ya saa 4. Muulize muuguzi swali hili kwa maneno haya hasa: maumivu yakirudi saa mbili kabla ya dozi inayofuata, nifanye nini? Anayeijua kazi yake atakueleza juu ya dozi ya ziada, kiasi chake, mara ngapi inaweza kurudiwa, na ni wakati gani umpigie simu ili dozi ya kawaida ipandishwe. Anayekuambia umvumilishe mgonjwa hadi saa ya dawa ifike amekwisha kukupa jibu unalolihitaji kuhusu huduma yake.

Swali la pili linahusu choo. Usingizi na kichefuchefu vinavyokuja mtu anapoanza mofini mara nyingi hupungua baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakupungui, na ndiyo sababu dawa ya kulainisha choo huandikwa siku ileile mofini inapoanza. Sikiliza kama muuguzi ataitaja kabla hujamuuliza. Ni jambo dogo, na mimi naliamini kuliko vyeti vyote vilivyotundikwa ukutani, kwa sababu hulitaja yule tu ambaye amekaa na wagonjwa wengi.

Kisha omba kuonyeshwa jinsi chupa inavyoandikwa. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti: mililita 5 kutoka chupa moja zinaweza kuwa na miligramu 5, na mililita 5 zilezile kutoka chupa nyingine zikawa na miligramu 50. Kwa hiyo maelezo ya «kijiko kimoja» ni hatari. Lebo inayofaa ina jina la mgonjwa, nguvu ya dawa, kiasi cha kupewa kwa mililita, saa za kupewa na tarehe ya mwisho ya matumizi, na chupa huja na bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye alama. Muuguzi makini atakuomba uvute dozi ya kwanza wewe mwenyewe mbele yake, aangalie mstari, kisha ndipo amwache mgonjwa mikononi mwako.

Utakutana pia na hofu kwamba mofini huharakisha kifo au humfanya mgonjwa awe mlevi wa dawa. Ikitolewa kwa kiasi kinachofaa na kupandishwa hatua kwa hatua kwa kufuata maumivu, haifupishi maisha, na mgonjwa anayeihitaji kwa maumivu hayuko katika hali ya mtu anayeitafuta kwa ajili ya starehe. Ndugu kuwa na hofu hiyo si ajabu, lakini mhudumu wa hospisi akiwa nayo yeye mwenyewe, mtafute mwingine.

Pima usiku kwa kupiga simu usiku

Kila mtoa huduma atakuambia kwamba anapatikana saa 24. Namna ya kujua ukweli ni kupiga simu usiku wa mwisho wa juma, kabla hujatia saini chochote, ukajitambulisha kwa uwazi kwamba unafikiria kumkabidhi mgonjwa na unataka kujua huduma ya usiku inavyofanya kazi. Usizue dharura ya uongo, maana pengine kuna mgonjwa halisi anayeisubiri laini hiyo.

Angalia simu inaita kwa muda gani, na anayeipokea ni nani. Mlinzi anayeandika ujumbe ni tofauti na muuguzi wa zamu anayeweza kulifungua faili la mgonjwa, akasoma dozi ya mwisho, akakuelekeza la kufanya dakika ileile, na akaja mwenyewe ikibidi. Muulize ni matatizo gani ya usiku huwafanya watoke, na yapi huyamaliza kwa simu. Muulize pia kama huacha dawa za akiba nyumbani, za maumivu makali, kichefuchefu, kuweweseka, na ule mkoromo wa kooni wa siku za mwisho ambao huwatisha sana wanaokesha. Bila akiba hiyo hata muuguzi hodari atakuwa anakupa pole tu, kwa sababu famasia imefungwa. Kama timu haina huduma ya usiku kabisa, lakini inalisema hilo waziwazi na kukupa mpango wa kuaminika pamoja na hospitali ya karibu, mimi ningeiheshimu kuliko ile inayoahidi na kisha ikanyamaza.

Ziara ya kwanza husema mengi

Siku ya kwanza timu ikija, jitahidi kuwapo na utazame zaidi kuliko kuzungumza. Mhudumu mzuri humsalimu mgonjwa kwanza, na hukaa chini. Maswali yake humwelekea mgonjwa, hata kama jibu linachukua muda, badala ya kuongea na ndugu juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Ataomba dawa zote zilizomo nyumbani ziletwe, pamoja na za mitishamba, na hatazikejeli. Atatazama ndani ya mdomo kutafuta utando mweupe na midomo iliyopasuka. Ataifunua shuka na kuangalia visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo, mahali ambapo ngozi huanza kuwa nyekundu na kisha kuchanika mgonjwa anapolalia upande mmoja. Na kabla hajaondoka atamuuliza anayeuguza: wewe mwenyewe unalala saa ngapi?

Kufundishwa ni sehemu kubwa ya huduma, kwa sababu muuguzi akishaondoka wewe ndiwe muuguzi. Hapa tofautisha kuonyeshwa na kufundishwa. Nilimwona muuguzi mmoja akimgeuza mgonjwa kwa shuka iliyokunjwa chini ya mgongo wake, na ilichukua sekunde chache. Kisha akamrudisha alivyokuwa, akawaita mabinti wawili wa mgonjwa na kuwaambia wafanye wao. Walikosea mara mbili. Wa kwanza aliivuta shuka peke yake, kisha mto uliokaa kati ya magoti ukaanguka. Akawasubiri bila kugusa kitu hadi wakaweza, halafu akawaandikia saa za kugeuza kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Ziara ile ilizidi kidogo saa moja, na mabinti wale hawakuhitaji kufundishwa tena.

Imani ya nyumba ile nayo iheshimiwe. Sala inayoletwa na mhudumu bila kuombwa ni kosa, na sala ya mgonjwa inayokatizwa kwa sababu ya ratiba ni kosa vilevile.

Fedha na ahadi

Gharama zote ziwe kwa maandishi: ziara za kawaida, za usiku, dawa, vifaa kama godoro la hewa na mpira wa mkojo, na kitakachotokea fedha zikiisha mgonjwa akiwa bado hai. Hospisi nyingi hutegemea michango, na kuombwa mchango si dosari. Dosari ni mchango kugeuzwa sharti la kupata dawa. Mtoa huduma anayeahidi kuponya, anayekushinikiza utie saini leo, au anayekataa mgonjwa asipelekwe hospitali hata kwa mfupa uliovunjika, muage kwa adabu.

Baada ya kuanza, andika

Uchunguzi hauishi siku ya kuanza huduma. Weka daftari kando ya kitanda na uandike kwa wiki ya kwanza: saa, kiwango cha maumivu ambacho mgonjwa mwenyewe anakitaja kati ya 0 na 10, dozi aliyopewa, simu uliyopiga, na muda uliopita kabla ya kujibiwa. Asiyeweza kutaja namba msome usoni, na uandike kama alikunja uso, alishika shuka au alilala. Wiki ikiisha liweke daftari mezani mbele ya muuguzi. Timu nzuri hulifurahia, kwa sababu linawasaidia kupanga dozi. Timu inayolichukulia kama mashtaka imekuonyesha jinsi itakavyoyapokea malalamiko yako.

Maumivu yakiwa bado juu baada ya siku mbili au tatu bila mpango wowote kubadilishwa, zungumza na daktari msimamizi. Lisipobadilika kitu, una haki ya kuhama. Omba barua ya rufaa na orodha ya dawa zenye dozi za sasa, ili timu mpya isianze upya mgonjwa akiwa kwenye maumivu, na usikate huduma ya kwanza kabla ya pili kufika mlangoni.

Swali la mwisho liulize mapema, ingawa ni zito: mgonjwa akifariki, mtafanya nini? Wapo ambao kazi yao huishia kwenye cheti cha kifo. Wengine hurudi baada ya mazishi, hukaa na mjane au mtoto aliyekuwa akitoa dawa usiku na ambaye sasa anajiuliza kama dozi yake ya mwisho ndiyo iliyoua, na humjibu kwa kulifungua faili na kumwonyesha. Uliza pia chupa zilizobaki zitakwenda wapi. Mofini haiachwi kabatini wala haigawiwi jirani mwenye maumivu. Timu makini huipima iliyobaki mbele ya mmoja wa familia, huandika kiasi chake, na kuondoka nayo.