Mtoto anatamka lakini hasomi: mwongozo wa kusoma nyumbani

Kiswahili kina huruma kwa mtoto anayeanza kusoma, maana kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Akishazishika silabi, ba be bi bo bu, haimchukui muda kutamka hata tangazo la ukutani. Hapo ndipo wazazi wengi wanapolegeza kamba. Nafundisha darasa la kwanza na la pili, na kila mwaka napokea watoto wanaotamka ukurasa mzima bila kosa, lakini ukiwauliza hadithi ilihusu nini, wanakutazama tu. Mazoezi ya kuvuka hapo hayapatikani kwenye darasa lililojaa. Yanapatikana nyumbani.

Hatua ya 1: Mpime. Usitumie kitabu cha shule, huenda amekikariri. Mpe ukurasa wa hadithi asiyoijua, asome kwa sauti, kisha funga kitabu umwambie akusimulie. Akikwama kwenye maneno zaidi ya matano, hicho bado ni kizito kwake. Kiweke cha kumsomea wewe, umtafutie chepesi cha kusoma mwenyewe.

Hatua ya 2: Tafuta wakati. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, mradi ziwe za kila siku. Ziambatanishe na jambo ambalo tayari lina saa yake, kwa mfano baada ya kula, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Usizikate kwenye muda wake wa kucheza, na kusoma kusiwe adhabu hata siku moja.

Hatua ya 3: Vitabu vishikike. Nyumba nyingi huweka vitabu kwenye kabati la vioo, pamoja na vyombo vya wageni, na ufunguo anao mama. Vitoe. Weka vichache kwenye kikapu ambacho mtoto anakifikia, ukijua vitachanika kidogo. Gundi ipo.

Kama kununua ni kazi, Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Dar es Salaam ina vitabu vya watoto, na mikoani zipo maktaba za Bodi ya Huduma za Maktaba, pita uulize. Mwenye simu aingie tovuti ya African Storybook: kuna hadithi za Kiswahili za bure, zimepangwa kwa ngazi, kuanzia za maneno machache hadi zile za kumsomea mtoto. Pakua, kachapishe steshenari, au msome kwenye simu huku data imezimwa.

Halafu kuna maandishi ambayo tayari yamo ndani: mfuko wa unga, pakiti ya majani ya chai, khanga ya bibi. Khanga naipenda zaidi, kwa sababu sentensi yake ni fupi, herufi ni kubwa, na fumbo lake linaleta mazungumzo. (Mafumbo mengine yarukeni, ataelewa akikua.)

Hatua ya 4: Anza wewe. Soma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya kusimulia, Fisi aongee kama Fisi, kidole kikifuata maneno. Wa pili someni pamoja. Wa tatu mwachie. Mzazi asiyejua kusoma asijitoe: amwambie mtoto amsomee, asikilize, aulize "ikawaje?" Kaka au dada wa darasa la tano naye anafaa sana, pengine kuliko sisi.

Hatua ya 5: Vunjeni maneno marefu. Hapa ndipo watoto wetu wengi wanakwama, na silabi peke yake haziwatoi. Chukua "walipomkaribia". Mtoto anayeisoma wa-li-po-m-ka-ri-bi-a, akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Funika mbele kwa kidole, abaki na "karibia", neno analolijua. Fungua "m", apate "mkaribia", yaani kuna mtu anakaribiwa. Mwisho fungua "walipo". Muulize: akina nani? Wakati gani? Baada ya majuma machache ya neno moja au mawili kila jioni, ataanza kuviona vipande hivyo kwa jicho moja, na kasi itakuja yenyewe. Kwa njia hiyohiyo mzoeshe "ng'ombe" na "ngoma" bega kwa bega, maana kile kialama juu huwa hawakioni.

Hatua ya 6: Funga mdomo. Akikosea, subiri kidogo, mara nyingi hujirekebisha. Akisoma "nyumba" badala ya "nyumbani" na maana haijapotea, mwache aendelee. Ukimkatiza kila mstari atasoma kwa ajili ya kukuridhisha wewe, na hadithi itampita.

Hatua ya 7: Tengenezeni kitabu chenu. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16; shona mgongo kwa uzi. Anzeni na vitendawili: upande mmoja "Nyumba yangu haina mlango", akigeuza anakuta picha ya yai aliyoichora mwenyewe. Kisha aje na hadithi aliyosimuliwa na bibi. Yeye aseme, wewe uandike kwa maneno yake, hata yakiwa ya ajabu. Kitabu hicho atakisoma kwa kila mgeni atakayekaribishwa chai.

Mnaosomesha watoto shule za Kiingereza huniuliza kama muanze na vitabu vya Kiingereza. Kama nyumbani mnaongea Kiswahili, anzeni na Kiswahili. Mtoto aliyezoea kuitafuta maana kwenye lugha anayoielewa ataitafuta kwenye nyingine pia.

Akiendelea kukataa kitabu kabisa, chunguza macho kabla ya kumwita mvivu. Je, anakisogeza kitabu puani? Anaruka mistari, anaumwa kichwa akisoma? Muulize mwalimu kama ubaoni anaona, kisha mpeleke kwenye kliniki ya macho.