Namna ya kuiangalia ile No Time for Sergeants ya 1955, siku Andy Griffith alipoanza kuigiza kwenye TV

Kama Andy Griffith, yule mwigizaji wa Kimarekani, unamjua kwa usherifu tu, ile sirizi ya The Andy Griffith Show iliyoanza 1960, tenga lisaa limoja umuone alivyoanza, kwenye mchezo wa kuchekesha wa No Time for Sergeants. Ni Machi 15, 1955, kwenye stesheni ya TV ya ABC, kwenye kipindi cha The United States Steel Hour, na ilirushwa laivu kutoka New York. (Kwenye shoo ya TV ya Ed Sullivan alishapita, ila kule alienda kama mchekeshaji, sio kuigiza mchezo.) Watu wengi wanaifungua, dakika tano wanazima eti picha mbovu, sasa mi naona shida ni namna wanavyoianza.

Kwanza hakikisha umeshika yenyewe, maana jina hili lina vitu vinne: kuna riwaya ya Mac Hyman ya 1954, kuna huu mchezo wa TV ambao Ira Levin aliutoa kwenye hiyo riwaya, kuna mchezo wa jukwaani wa Broadway, New York, wa Oktoba 1955 na kuna sinema ya 1958, na Griffith yumo kwenye zote tatu za kuigizwa, ndo maana watu wanachanganya. Cheki anayeigiza sajenti King, afande wa kwenye stori, ni nani: akiwa Harry Clark uko kwenye TV, akiwa Myron McCormick hiyo ni sinema. Don Knotts, mwenzake wa kwenye ile sirizi ya usherifu, naye usimtafute humu, yeye aliingia ilipofika Broadway. Nakala nzuri iko kwenye mkusanyiko wa DVD wa kampuni ya Criterion wa 2009, The Golden Age of Television. Mahojiano yaliyowekwa mwanzoni yaruke kwanza, utayarudia baadaye. Klipu za dakika tatu achana nazo kabisa.

Halafu picha. 1955 mkanda wa video ulikuwa bado, ulianza kutumika hewani mwishoni mwa 1956, kwa hiyo kilichofanyika ni kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini ya TV na kurekodi kinachopita, inaitwa kineskopu. Yaani kama wewe leo urekodi TV kwa simu yako. Zima yale mambo ya kulainisha picha kwenye TV yako, yanazifanya sura ziwe kama za plastiki, na vaa hedifoni kwa sababu lafudhi ya jamaa ni nzito.

Kabla hujabonyeza plei, sikiliza kwanza What It Was, Was Football, aliirekodi 1953. Ni mshamba anasimulia mechi ya futiboli ya Kimarekani bila kuelewa hata kidogo anachokiona. Usiiruke hii, maana ndo ufunguo wa kila kitu: huyu mtu alishazoea kusimama peke yake na kuwapigia watu stori, kwa hiyo alivyowekwa mbele ya kamera hakubadilisha kitu, aliigeuza kamera kuwa mtu mmoja anayemsikiliza.

Sasa angalia mara mbili. Ya kwanza fuata stori tu: Will Stockdale (ndo Griffith mwenyewe), kijana wa shamba kutoka Georgia, anachukuliwa jeshini na wema wake unamtoa jasho afande King, ambaye yeye anachotaka ni kambi tulivu basi. Muangalie Will usoni wakati wengine wamekasirika. Hajifanyi mjinga na hakukonyezi kwamba anajua anachekesha, anaamini kila neno analoambiwa, na hapo ndipo kicheko kinapotoka.

Ya pili sahau stori. Kila Will anapoigeukia kamera kuongea na wewe mtazamaji, jiulize nyuma yake kinafanyika nini, kwa sababu kwenye laivu hakuna kukata wala kurudia, na usimulizi ndo unaokuvusha kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Hesabu sekunde kutoka neno lake la mwisho kwako mpaka la kwanza kwa mwenzake. Mi nilirudia hizo sehemu hadi nikasahau kama nilikuwa naangalia komedi.

Ya 1958 iweke siku nyingine. Ina pesa zaidi, ina vile vifuniko vya choo vinavyoinuka kupiga saluti, inachekesha kweli, ila kule Will yuko mbali na wewe, na ukiziunganisha usiku mmoja hiyo kubwa itaimeza ndogo kabla hujaishika vizuri.